Binti wa Rafiki Yangu Anataka Nionje Bia Mbele ya Mama Yake

Hakuna mtu mwenye bahati kama mimi katika ukurasa huu, na nyie humu mko maelfu. Nina miaka sabini na ushee, nimezika madaktari walioniambia niache pombe, na katika miaka yote ya utawala wa jeshi hapa Uganda hakuna askari aliyenigusa hata kifungo cha shati. Admin, ficha jina langu. Shule niliishia darasa la sita, ila ulimi wangu ulisoma mpaka Uingereza.

Baba yangu alikuwa Mkenya wa reli, nikakulia Walukuba, Jinja. Nikiwa kijana nilihudumu kaunta ya klabu moja ya Wazungu. Meneja wetu, Mwingereza mnene, aliagiza kutoka kwao bia iitwayo eli, ya viwanda vidogo vidogo, vingine vidogo kuliko jiko la mama yako. Bia hiyo iko hai. Hamira inaendelea kufanya kazi ndani ya chupa na kuacha mashapo chini. Ukitaka kuinywa, unaisimamisha chupa mpaka kesho yake itulie, unamimina polepole kama unamwogesha mtoto mchanga, mashapo yanabaki. Mzungu alitufundisha kuonja na kueleza, mimi na mwenzangu wa kaunta. Nitamwita Mafabi, Mgisu wa Mbale. "Usiniambie ni tamu," Mzungu alisema, "niambie inakukumbusha nini." Mimi nilisema ganda la chungwa, ukoko wa mkate, udongo uliopata mvua. Mafabi kila kitu kilimkumbusha kwao: ndizi mbivu, simsim ya kukaanga, malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayokausha kwa moshi. Hatukuwahi kukubaliana hata chupa moja. Mzungu alicheka, akasema ndivyo inavyotakiwa, kila ulimi una kwao.

Wazungu wakaondoka. Klabu ikachukuliwa na kapteni mmoja wa jeshi, pamoja na stoo ya eli, pamoja na sisi. Alipopandishwa cheo akataka sherehe mchana nyumbani kwake Malukhu, Mbale. Kreti zikatupwa nyuma ya Landrova, sisi juu yake, barabara mashimo matupu. Tulipofika nikamwambia, "Afande, hizi chupa zipumzike mpaka kesho."

Akawageukia wageni wake, kwa Kiswahili chake cha kambini. "Bia napumzika? Bia nachoka kama askari?"

Wakacheka. Nami nikacheka, maana kapteni akicheka, anayecheka naye hubaki na meno yake.

Akafungua mwenyewe, akamimina. Ikatoka nzito, rangi ya matope. Mgeni mmoja alikuwa ameshakunywa, akainama kwenye maua akatapika. Kicheko kikakatika. Hapo sikuwa mhudumu tena, nilikuwa muuaji.

"Nani natia sumu?"

"Afande, ni mashapo tu. Sisi wenyewe tutakunywa." Nilidhani nimetuokoa. Akatutenga, mimi jikoni, Mafabi gereji, kila mtu na glasi yake kutoka chupa ile ile. Akasema, "Nyinyi mnasema mnajua hii bia. Kila mtu aseme nasikia nini mdomoni. Maneno ikiwa moja, mnaenda nyumbani."

Ndugu zangu, angetuuliza kitu kingine chochote duniani. Nilikunywa, nikasema chungwa. Koplo wake mmoja akaenda gereji, akarudi. "Mwenzako nasema malewa. Nani mwongo?" Nikasikia Mafabi anapigwa ng'ambo ya ukuta, kwanza mkanda, halafu kitu kizito kuliko mkanda, mlio kama wa mtu anayetwanga mihogo mibichi. Hakulia. Alikuwa anahema kwa nguvu, na kila pigo lilikata pumzi katikati. Nikamwambia koplo, "Malewa. Mimi nilikosea, ni malewa kabisa, hata moshi nausikia." Nia yangu tulingane, waache.

Koplo akaenda tena. Akarudi anafuta machozi ya kicheko. Mafabi naye alikuwa ameshabadilisha. Amesema chungwa.

Walimpiga mpaka mchanga wa chini ya mlango wa gereji ukalowa damu. Kisha wakamburuta kwa miguu kupita mlango wa jikoni. Uso wake usingeutambua, nilitambua shati la klabu. Jicho moja lilikuwa bado wazi. Akaniuliza, "Ulisema nini?"

"Malewa."

Akatabasamu kwa meno yaliyobaki. "Mpumbavu wewe," akasema. Wakamtia kwenye buti ya gari, wakafunga, na hakuna aliyemwona tena. Hata mfupa hatukupewa tuzike. Mimi waliniachia, nikarudi Jinja juu ya lori la mkaa. Tangu hapo nimejisifia bahati yangu katika kila harusi na kila msiba, hata mbele ya mjane wake.

Sasa binti yake, aliyekuwa bado ananyonya siku ile, amerudi kutoka Uingereza. Amebeba eli za viwanda vidogo ndani ya sanduku la nguo, amezisimamisha juu ya kabati la mama yake huko Nkoma, Mbale, zitulie. Kanipigia simu. "Baba mdogo, wewe tu ndiye uliyebaki na maneno ya baba. Njoo Jumapili uonje, utuambie angesema nini." Moyo wangu ukayeyuka. Kisha mama yake akachukua simu.

"Shemeji, miaka yote unasema hawakukugusa. Watu wale hawakumwacha mtu bure. Uliwapa nini? Uliwapa mume wangu?"

Nikakata simu.

Nishaurini, wanangu, Jumapili nifanye nini? Niende nikashike glasi mbele ya yule mama nitunge maneno ya malewa na ndizi, au nimwambie ukweli, au nijifanye mgonjwa mpaka binti arudi Uingereza?

Maana ile bahati niliyowaambia hapo juu ni uongo. Siku zile ukisema umepigwa na askari, unaitwa ukapigwe tena, kwa hiyo nilisema nimeanguka na baiskeli, baadaye nikanogewa na sifa. Jikoni mle koplo alinivunja pua kwa kitako cha bunduki, na tangu siku hiyo sijasikia harufu wala ladha ya kitu chochote.