Mkaa Uliolala Chini ya Dembo

Baba yangu mdogo alinilea kwa makala. Ndivyo tunavyouita mkaa hapa Lubumbashi. Alikata miti, akaifunika kwa udongo, akaichoma polepole, na magunia aliyoyauza ndiyo yaliyonifikisha chuo kikuu.

Nilipoanza utafiti wangu wa mioto ya kale nilirudi kijijini kwake. Kulikuwa na dembo pale, bonde la matope na majani marefu lisilokauka hata kiangazi kikali. Mimi na wenzangu tulizamisha bomba la chuma ili kuchota tope la chini, na baba mdogo ndiye aliyelisukuma kutushinda wote. Tope la chini kabisa lina maelfu ya miaka, na ndani yake mna chembe za mkaa zilizoletwa na upepo kutoka kwenye mioto ya zamani.

Nikazisoma chembe hizo kwa darubini, umeme ulipokubali. Zilionyesha kwamba moto ni wa kale kuliko tanuru lolote la makala. Enzi za ukame uliwaka sana, mvua ziliporudi msitu nao ukarudi. Juu kabisa, kwenye tope la karibuni, mkaa uliongezeka tena.

Nikayaeleza yote haya kwenye mkutano mjini. Mkubwa mmoja wa mambo ya misitu akachukua sentensi ya mwisho tu. Punde redio ikatangaza kwamba sayansi imethibitisha: wachoma makala ndio wanaomaliza msitu. Walinzi wa misitu wakaenda kijijini, wakabomoa matanuru.

Baba mdogo akaja kwangu, mtaa wa Makomeno. Nilimpa kiti, hakukaa. Aliniita mama, kama wazee wetu wanavyowaita binti zao.

“Mama, ni weye ulisema siye ndjo tunamaliza pori?”

“Hapana, baba. Nilisema moto iko ya zamani, mbele ya batu kuanza kuchoma makala.”

“Basi juu ya nini banatufukuza na masomo yako?”

Aliondoka bila kunywa hata maji.

Nilimfuata yule mkubwa ofisini kwake. Alinisikiliza huku akiangalia simu.

“Madame, ile ingine yote iko compliqué, inachanganya kichwa,” akasema. “Batu banataka maneno mafupi.”

Kabla ya mvua, mitambo ya kampuni moja ya madini iliingia kwenye msitu uleule. Miti ikang’olewa na mizizi yake, dembo likafukiwa kwa mawe. Safari hii redio haikutaja sayansi. Nilikwenda kuomba nichukue tope lingine, mlinzi wa kampuni akanigeuza palepale kwenye kizuizi.

Baba mdogo alihamia upande wa Sakania, mbali mpakani, anachoma makala hukohuko. Noeli nilipiga simu kumsalimia. Mkewe akapokea, akasema mzee amelala. Nyuma yake nilimsikia mzee mwenyewe akicheka na wajukuu. Nikamtakia mama mdogo sikukuu njema, nikakata.