Bi Pumua Atolewa Nje

Saa tatu asubuhi, Bi Pumua amesimama kwenye korido ya wodi ya wazazi, mdomo wazi, taulo mkononi. Mlango umefungwa mbele ya pua yake. Aliyemtoa ni binti yake wa kumzaa.

Miaka kumi na minne kazi yake ni kuwasindikiza wajawazito mpaka wajifungue. Hakati kitovu wala hachomi sindano. Hayo ni ya mkunga. Yeye husugua kiuno, hushika mkono, na kurudia neno lililompa jina: pumua. Ameshasindikiza mia mbili na kumi na mmoja. Malipo ni kiduchu, ndiyo maana bado anashona foronya.

Sheria yake moja: mwenye hofu usoni atoke. Ametoa mashangazi, ametoa waume wenye vifua vipana, hata mama mkwe mmoja aliyekuja na mto wake kwapani. Wodi nzima ilimcheka.

Leo aliingia akitamba, akimtania mkunga kwamba malipo ya safari hii ni mjukuu. Uchungu ulipopanda, binti akapiga yowe, na neno lile likamkwama mama kooni. Mikono ikamtetemeka, kikombe cha maji alichoshika kikamwagika kitandani.

“Mama, uso wako,” binti alisema. “Toka. Niachie mwanafunzi wako.”

Mwanafunzi, mama wa watoto watatu anayejifunza kazi kwake, alimsindikiza mlangoni kwa adabu zote. “Nisamehe, mwalimu. Sheria ni yako.”

Bi Pumua bado haamini. “Mia mbili na kumi na mmoja, sijatetemeka hata kidole,” anasema. “Nilidhani nina moyo wa jiwe. Kumbe walikuwa watoto wa watu.”

Anatafuta pa kukaa. Hapana. Kuna ndoo, ufagio na sakafu ya saruji. Anashika kichwa: yule mama mkwe alisimama hapa kwa muda wa saa saba.

“Sasa nimeuelewa ule mto,” anasema polepole.

Ndani, sauti ya mwanafunzi inasema pumua. Bi Pumua anapumua. Saa sita na robo kichanga kinalia, na mlango unafunguka.

“Wote wazima. Ingia, Bibi,” mkunga anasema.

Anajifuta uso kwanza. Sheria haibadiliki, anasema. Ila mwezi ujao atamwendea seremala, alete benchi refu hapa koridoni. Mito atashona mwenyewe.