Sikufika Yanonge

Mkosaji ni mimi. Naanza hapo ili usije ukanihurumia kabla ya kusikia. Nilitumwa nikaulize watu jambo moja, sikwenda, kisha nikarudi nikasema nimekwenda. Kwa uongo huo dada yangu mdogo alipoteza mchumba, akaacha kwaya na kupokea komunyo, na kwa miaka akaamini kwamba amelala na ndugu yake wa damu.

Majina nimeyabadilisha. La kwangu silitaji kabisa, naona haya.

Sisi ni watu wa Kisangani, upande wa maporomoko. Wanaume wote wa nyumba yetu ni wavuvi, isipokuwa mimi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, wa kwanza kwetu kushika chaki, na jambo hilo limenipa majivuno kuliko inavyofaa. Papa alipofariki, mdogo wake, tonton Alphonse, ndiye aliyetulea, mimi na dada yangu Mado.

Mado alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia. Kijana aliyempenda tumwite Trésor, fundi wa simu karibu na soko. Mtu mtulivu, anayesalimia kila mtu. Alipokuja na wajomba zake kujitambulisha, wakasema baba yake alitoka Yanonge, kule chini ya mto. Trésor mwenyewe alilelewa na upande wa mama hapa mjini. Watu wa baba yake hakuwajua.

Tonton aliposikia Yanonge, akawauliza jina la babu wa kijana, wakamtajia. Wageni walipoondoka akaniita.

"Koko yenu, papa yangu, alipandisha mto kutoka kule kule," akasema. "Alikuja kijana, akaoa hapa. Bon. Inafaa tujue kama hawa si damu moja na sisi. Weye unajua makaratasi. Tafuta. Kisha uende Yanonge uulize bazee. Karatasi peke yake haitoshi."

Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama undugu wao ni wa mbali. Kwa hiyo tonton hakukosea kuuliza.

Nilianzia kwenye ofisi moja ya serikali inayotunza vitabu vya zamani vya kuhesabu watu, vya wakati wa Wabelgiji. Vumbi, mende, kurasa zinazokatika ukizigusa. Kila kijiji kimeandikwa nyumba kwa nyumba: mwenye nyumba, wake zake, watoto, nani amehama na amekwenda wapi. Siku nyingi nilitoka shuleni nikaenda moja kwa moja kukaa pale.

Nikampata koko. Alikuwa mtoto katika nyumba moja karibu na Yanonge, na pembeni mwandishi ameandika kwamba baadaye alihamia Stanleyville, yaani mji wetu huu kwa jina lake la zamani. Chini yake kabisa, katika nyumba ile ile, kulikuwa na jina la babu yake Trésor. Mbele ya majina yote mawili neno moja la Kifaransa: *fils*. Mwana, na mwana.

Nitakuambia kitu ambacho sikumwambia mtu. Wote wawili walikuwa wameandikiwa mwaka mmoja wa kuzaliwa na mama mmoja, na hawakuandikwa mapacha. Niliona. Nikakunja uso, kisha nikajiambia kwamba yule mzungu alikisia tu umri wa watoto. Nilikuwa nimefurahi mno kupata jibu. Mimi mwana wa mvuvi nimeufuata ukoo wetu katika vitabu mpaka mwanzo wake. Furaha ile ilinisahaulisha kwamba ninachosoma ni ndoa ya dada yangu.

Ikabaki safari ya Yanonge.

Tonton alinipa sukari, chumvi, sabuni na kitenge kizuri, zawadi za wazee nitakaowakuta. Nikateremka bandarini. Mtumbwi mkubwa wa injini ulikuwa unapakiwa, magunia juu ya magunia, watu juu ya magunia, na maji yamebakiza kidogo tu yaingie ndani.

Mimi naogopa mto. Nikiwa mdogo nilimwona binamu yangu akiteleza kwenye miti ya kuvulia pale maporomokoni, na maji yakamchukua. Tangu siku ile mguu wangu ukigusa mtumbwi, naurudisha nchi kavu. Nyumbani hawajui. Mwana wa wavuvi anaogopa maji, ungemwambia nani? Kuna njia ya pikipiki pia, lakini hata hiyo lazima kwanza uvuke mto.

Nilisimama pale mpaka ule mtumbwi ukaondoka. Kisha nikapanda pikipiki mpaka mtaa wa Mangobo, huku huku mjini, kwa rafiki yangu, nikamdanganya kwamba nyumbani kuna ugomvi. Nikala kwake, nikalala kwake. Sukari, sabuni na kitenge nikampa mkewe. Alinishukuru sana.

Nilirudi nyumbani na viatu nilivyovipaka matope mwenyewe.

Familia zote mbili zilikaa uani kwa tonton. Wajomba wa Trésor upande mmoja, sisi upande mwingine, Mado mlangoni na mashangazi. Nikasoma niliyoyanakili ofisini. Tonton akauliza, "Na bazee ya Yanonge banasema nini?"

Ningeweza kusema sikufika. Badala yake nikamtunga mzee. Nikasema nimemkuta mmoja, macho yake hayaoni vizuri lakini kichwa chake kizima, akanithibitishia kwamba wale wawili walikuwa wana wa baba mmoja na mama mmoja. Niliwapa hata maneno yake, na jinsi alivyotikisa kichwa.

Walinishukuru. Mjomba mmoja wa Trésor alinishika mkono, akasema nimewaokoa na aibu kubwa.

Mado ndiye peke yake aliyeuliza, akiniita yaya, kaka mkubwa, kama siku zote. "Yaya, ule muzee, ulimuuliza vizuri? Hakuchanganya majina?"

"Nilimuuliza vizuri," nikamwambia.

Trésor alimtazama Mado, kisha akatazama chini, na wajomba zake wakamwinua.

Hatukujua kwamba Mado alikuwa na mimba. Ilipoonekana, Trésor alikwisha kuteremka Kinshasa na meli ya mizigo. Wajomba zake walimhimiza aende mbali, asahau. Mado alijifungua mtoto wa kike, Grâce, akiwa na tonton, shangazi mmoja, na mimi nje nikizungukazunguka.

Tangu hapo Mado hakuimba tena. Misa alikuwa anakwenda na kukaa nyuma, wengine wakienda kukomunika yeye anabaki kwenye benchi na mtoto mapajani. Majirani walijua. Mtaa wetu hauna siri. Kuna mama mmoja aliyewakataza watoto wake kucheza na Grâce, akawaambia huyu amezaliwa na ndugu wawili.

Grâce alichelewa kusema. Watoto wengi wanachelewa, najua, nimewaona darasani. Lakini jioni moja Mado alikuwa anamsuka nywele, akaniambia polepole, "Ni ile damu yetu, yaya. Mungu anamulipisha mutoto kosa yangu."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sikuwa na hakika kwamba Mado na Trésor si ndugu. Lakini nilijua kwamba sijui, na hilo tu lingetosha kumpunguzia mzigo. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu anayejua mambo ya ukoo, watu wa mtaani wanakuja kuniuliza habari za babu zao. Nikamwambia, "Usiwaze hivyo, leki yangu, mdogo wangu," nikaingia ndani.

Mwaka jana tonton alitaka mtumbwi mpya, akasikia kule Yanonge kuna fundi mzuri. Akaenda mwenyewe. Alipofika akaona si vizuri kupita bila kuwasalimia watu waliompokea mpwa wake. Akamuulizia yule mzee asiyeona vizuri.

Hakuna aliyemjua. Wakampeleka kwa bibi mmoja mkongwe, dada wa mwisho wa babu yake Trésor. Aliyebaki wa nyumba ile ni yeye tu.

Tonton aliporudi hakuniita. Alikuja kwangu mwenyewe, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, kofia mkononi.

"Ulifika Yanonge?"

"Ndiyo, tonton. Si nilikuambia?"

"Nakuuliza tena. Ulifika Yanonge?"

Nje mke wangu alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, nikawa nasikia mchi tu.

"Mama ule anasema hapana mutu alifika kumuuliza kitu," akasema tonton. "Hata mumoja. Na aliniambia ile weye haukuuliza. Papa yangu hakuzaliwa kwabo. Batu ya biashara balikuwa banateremuka na mutumbwi, mama moja akakufia ndani, akaacha mutoto. Bakamuacha pale kijijini. Mwenye nyumba akamulea na batoto bake. Siku ya kuhesabiwa, muzungu akauliza, huyu mutoto ni ya nani? Akaogopa batamuchukua. Akasema, ni yangu, mama yake ni huyu muke yangu. Basi bakaandika."

Nilikumbuka ule mwaka mmoja wa kuzaliwa na yule mama mmoja. Mtu alidanganya kwa huruma ili kumlinda yatima, na mimi nikaja na kalamu yangu.

Tonton alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika papa. Alikuwa ameambiwa kwa siku moja kwamba baba yake hana kwao panapojulikana, na kwamba mtoto aliyemsomesha ni mwongo. "Kama ulikuwa unaogopa maji," akasema, kwa maana hapo nilikuwa nimekwisha kumwambia yote, "si ningeenda miye?"

Alinipa mpaka kesho yake nimwambie Mado kwa mdomo wangu.

Nilimkuta anaanika nguo. Nikasema yote nimesimama, bandari, Mangobo, mzee niliyemtunga, mtoto wa kwenye mtumbwi. Nilitegemea anipige. Alishika ile kamba ya nguo kwa mikono miwili.

"Donc miye na Trésor hatukuwa bandugu."

"Hapana."

"Sikukosa."

"Haukukosa."

Akakaa chini, palepale kwenye udongo wenye maji. Kilio alicholia sijui nikieleze vipi. Grâce alikuja mbio akamkumbatia shingo, akawa ananiangalia mimi kwa hasira, hajui nimefanya nini lakini anajua ni mimi.

Aliponyamaza aliniambia neno moja tu: "Uende ubaambie bote. Pale pale ulisemea."

Nilifanya. Tonton aliwaita wajomba wa Trésor, mashangazi, hata yule mama jirani. Nikasimama uani nikasema kwamba sikwenda, na kwa nini. Kijana mmoja alicheka niliposema naogopa mto. Wengine hawakucheka. Yule mjomba aliyenishika mkono zamani aliinuka akaondoka kabla sijamaliza.

Trésor nilimpigia simu Kinshasa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yaya, miye niko na muke sasa, na batoto babili. Unataka nifanye nini na hii habari?" Baadaye akauliza kama mtoto anafanana na nani. Nikamwambia anafanana naye. Akakata simu. Siku hizi anazungumza na Grâce Jumapili, lakini si kupitia kwangu.

Mado amerudi kukomunika. Kwaya hajarudi, anasema sauti imekwenda. Mimi ananisalimia kama mtu anavyomsalimia mwalimu wa mtoto wake. Neno yaya halitumii tena. Padri aliniondolea dhambi, na nashukuru, lakini padri siye niliyemuibia.

Wewe unayenisoma, labda na wewe ndiye msomi wa nyumbani kwenu. Labda watakutuma utafute mababu katika vitabu vya zamani, maana siku hizi wengi wanataka kujua walikotoka. Tafuta, ni kazi njema. Lakini aliyeviandika aliandika alichoambiwa mlangoni, na aliyemjibu alikuwa na sababu zake. Kama bado kuna mtu hai wa kuulizwa, mwendee, ukae naye, umsikilize, kabla hujafungua mdomo mbele ya watu wawili wanaopendana.

Na kama hukufika, sema sikufika. Mimi wangenicheka wiki moja pale uani, mwana wa wavuvi anayeogopa maji. Kisha tonton angepanda mtumbwi mwenyewe, na Mado angeolewa.