Maduhu Aliyebomoa Paa Letu

Enzi zetu mwano ukipigwa, hukusimama kuuliza kuna nini. Ulitupa ulichoshika ukakimbia. Mwano ni yowe letu sisi Wasukuma, mtu anapaza sauti mpaka kijiji cha pili wasikie, na mwanaume mzima aliyebaki nyumbani siku hiyo alikuwa na maneno ya kuwajibu wazee. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, sina maneno ya vitabuni. Lakini ninyi wa rika langu, mliokulia upande wetu wa Bariadi, mnajua ninachosema. Watoto wa leo wakisikia yowe wanatafuta simu wapige picha.

Tulikuwa wadogo, miguu peku, dumu la maji mkononi na ufagio kwapani tunakwenda shule. Jioni ni mchezo wa kombolela mpaka mama aite. Chakula ni michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa juani, mama anavipika na karanga, na ukisema hutaki unaambiwa, "Basi kalale, kesho utavitaka." Na kweli kesho ulivitaka. Wajukuu zangu nikiwapikia michembe wanauliza kama kuna chipsi.

Na pamba. Sisi tulikuwa watoto wa pamba. Zamani kidogo pamba ikishachumwa ilipelekwa chama cha ushirika, basi. Lakini nilipofika miaka kumi na mbili hivi soko lilikuwa limefunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na malori, kila mmoja na mzani wake na bei yake, huyu leo, yule wiki ijayo. Baba akasema hauzi mpaka aone mwisho wao. Pamba ikajazwa ndani, chumba chetu watoto kikawa ghala, tukalala juu yake. Ilikuwa ya moto mgongoni, mbegu zinachoma, na vile vidudu vyekundu vinatutembelea shingoni. Mama alikuwa akituambia, "Mnalala juu ya magauni yenu, msiyakojolee." Maana baba alikuwa ameniahidi gauni la mtumba nililoliona mnadani, lenye maua ya njano. Nililala kila siku nikiliota.

Sasa Maduhu. Maduhu alikuwa jirani wa nyumba ya nne, mkulima kama baba yangu, hana cheo, hana sare. Lakini ng'ombe akizama tope, anaitwa Maduhu. Mtu akitumbukia kisimani, Maduhu ndiye anafungwa kamba kiunoni anashushwa. Hakuna aliyemteua. Ilikuwa tu kwamba wengine walipokuwa wanapiga kelele, yeye alikuwa ameshaingia. Na akitoka alinawa, akarudi shambani kwake.

Siku ya moto ilikuwa mchana wa kiangazi, upepo mkali. Jiko la Mzee Ngassa, jirani yetu wa karibu, lilishika moto, mara nyumba kubwa nayo. Mwano ukapigwa. Wanawake na ndoo, wanaume na matawi mabichi, wote kwa Ngassa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba yetu nafungia ndama zizini. Nikaona fungu la nyasi linalowaka limebebwa na upepo, likatua juu ya paa letu, upande ule wa zizi ambao watu wa mbele hawauoni. Likaanza kufuka. Nilitaka kupiga kelele, nikabaki nimeshika kamba ya ndama.

Maduhu akatokea. Watu walikuwa wanamwita, "Maduhu, huku, nyumba inaisha!" Yeye akawajibu, "Hiyo imeshakwenda. Mimi naangalia inayofuata." Akaniona nimesimama mdomo wazi. "Wapi, mayu?" Alikuwa anatuita hivyo wasichana wote, mayu, yaani mama. Nikanyoosha kidole.

Alipanda kama paka. Akang'oa lile fungu kwa mikono mitupu, akalitupa chini, kisha akaendelea kung'oa, karibu paa zima, maana kwenye nyasi moto hutembea chini kwa chini. Akaomba maji, akamwaga ndani. Vumbi, masizi na maji vyote vikashukia pamba yetu, na waliokuja kumsaidia, moto umeshazimwa, wakaikanyaga kwa miguu ya tope. Moto haukuvuka. Kwa Ngassa kulibaki majivu, kwetu kulibaki kuta, na pamba ambayo mnunuzi aliitazama mara moja akasema, "Hii fifi, pamba chafu," akapanda lori lake.

Baba alimpeleka Maduhu kwa wazee.

"Moto ulikuwa kwa Ngassa," baba alisema. "Nyumba yangu ilikuwa nzima. Huyu mtu kapanda kwangu kabomoa. Aniambie nilimkosea nini."

"Labda alikuwa anasaka panya," mmoja akasema, watu wakacheka.

Maduhu hakucheka. Mikono yake ilikuwa bado imefungwa vitambaa. "Paa lilikuwa limeshika, upande wa zizi. Binti yako ndiye alinionyesha kwa kidole. Muulizeni."

Nikaitwa mbele. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe, uliona moto juu ya paa la baba yako?"

Baba alinitazama. Hakuwa ameniambia niseme nini, na hakuwa na haja. Kwetu mtoto hakumpinga baba yake mbele za watu. Lakini nisimsingizie marehemu baba peke yake. Nilikuwa nafikiria gauni. Nilidhani Maduhu akionekana ana kosa atailipa ile pamba, nami nitavaa maua yangu ya njano.

"Sikuona kitu," nikasema.

Wazee wakaamua Maduhu aezeke paa upya kwa nyasi zake. Pamba wakaiacha, walisema hakuiharibu kwa ubaya. Kwa hiyo hata gauni sikulipata.

Alikata nyasi kwenye ngitili yake, yale malisho aliyoyafungia ng'ombe wake kwa ajili ya kiangazi. Alizileta mwenyewe mgongoni. Mimi nikapewa kazi ya kumrushia mafungu. Siku mbili nilisubiri anitukane. Alisema tu, "Lete hilo, mayu," na "Maji ya kunywa, mayu." Siku ya pili aliposhuka, alifuta jasho akanitazama. "Siku nyingine ukiona, onyesha," akasema. "Usiache kuonyesha." Akachukua panga lake akaenda.

Kiangazi kile ng'ombe wake wawili walikufa kwa njaa. Mama aliponiambia, nilikuwa natwanga. Nikaendelea kutwanga.

Na mwaka uliofuata moto ulishika tena, upande wa pili wa kijiji. Maduhu alifika wa kwanza, kama kawaida yake. Lakini safari hii alisimama chini ya paa la jirani, akauliza kwanza, "Mwenye nyumba, nibomoe?" Mwenye nyumba akasema ngoja. Wakabishana. Nyumba tatu ziliteketea. Watu walinusurika, lakini vyakula vya mwaka mzima viliisha. Wakasema Maduhu amezeeka, hana mbio tena. Mimi nilijua alichokuwa anasubiri pale chini, na nani aliyemfundisha kusubiri.

Sikumwambia. Nilikua, nikaolewa Meatu, na habari za kifo chake zilinifikia watu wameshaanua matanga.

Sasa naishi mjini Bariadi kwa mwanangu. Majuzi nyumba ya mpangaji jirani iliwaka. Likaja gari la zimamoto, vijana wakashuka na kofia zao na mpira wa maji. Watu wakaanza maneno, mmechelewa, mna maji kweli? Hakuna hata aliyeshika ndoo. Mjukuu wangu Minza, badala ya kukimbia, akainua simu. Nikamfokea, "Mtu anaunguliwa, wewe unapiga picha! Enzi zetu ungechapwa." Akasema, "Bibi, enzi zenu si mlizima moto kwa mate."

Kijana mmoja wa zimamoto akaingia nyumba ya pili, akapiga shoka dari, likashuka lote. Moto ulipozimwa, mwenye nyumba hiyo alimkamata shati. "Kwangu kulikuwa na nini? Nani atanilipa dari langu?" Yule kijana alikuwa na masizi mpaka kwenye kope. Akashusha shoka lake chini. Nikamwona Maduhu na mafungu yake ya nyasi mgongoni. Nikasogea, na kama siku ile nikaishia kusimama mdomo wazi.

Minza akanipita. "Baba, angalia hapa," akamwambia mwenye nyumba, akamwonyesha simu. Kwenye picha ile moshi ulikuwa unatoka chini ya bati lake, mweusi, dakika nzima kabla ya shoka. Yule mtu akaliachia shati.

Ni kweli enzi zetu tulikimbilia mwano sote, na leo tunawaachia vijana wachache wenye kofia, halafu tunawatukana. Hilo nitalisema mpaka nife. Lakini simu sizisemi tena. Siku ya Maduhu picha ya paa letu ilikuwa moja tu, nilikuwa nayo mimi machoni, nami nikawaambia wazee sina.