Perez Obura na Swichi za Kahawia

Wastaafu wengine hupewa keki na saa ya ukutani, wakaenda zao nyumbani kuitazama hiyo saa. Perez Obura wa Buruburu Fezi ya Tatu aliila keki, saa akaigawa kanisani, na Jumatatu iliyofuata akawa anatafuta kazi. Alikuwa amepiga chapa katika ofisi za reli kwa miaka thelathini na minne, tangu enzi ya taipureta za chuma hadi kompyuta zilipoingia, na hakuona ni kwa nini vidole vyake vistaafu eti kwa sababu karatasi fulani imetimiza miaka sitini.

Kazi zilikuja kidogo kidogo: wasifu wa marehemu, kumbukumbu za mikutano ya kanisa, barua za kuombea watoto shule. Kisha mumewe akafariki, na mambo yakageuka. Ukiwa na mume, watu huuliza mume anasemaje. Ukiwa mjane, kila mtu hugeuka mume.

Wakwe zake walikuja mapema mwezi mmoja, na mwanawe pamoja nao. Walikula kuku wake, wakanywa chai yake, wakafuta mikono kwa taulo yake, kisha wakaanza kumwambia mahali pa kuishi. Msemaji alikuwa Zedekiah, ndugu mdogo wa marehemu, mtu mwenye sauti ya kutangaza mazishi.

"Nyar Seme," alisema, kwa jina la kwao Perez kama wakwe wanavyowaita wanawake walioolewa kwao, "nyumba ya ndugu yangu kule nyumbani inakaa bila moto. Nyumba isiyowashwa moto ni aibu kwa ukoo. Hapa Nairobi unangojea nini? Kazi huna."

Owuor, mwanawe wa pekee anayefanya kazi Kisumu, alikuwa anatazama viatu vyake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hii nyumba ya Buruburu ingepata mpangaji upesi.

Perez alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Nyumba hiyo yeye na mumewe waliilipia miaka ishirini, mshahara wake ukiwa mmojawapo wa ile miwili. Lakini hakupiga kelele. Alisimama, akaondoa vikombe, na aliporudi akasema, "Shemeji, umesema kazi sina. Haya. Nikipata kazi ya mshahara kabla ya mwezi huu kuisha, mniache nilipo. Nisipopata, Jumamosi ya mwisho mje na lori."

Walicheka. Zedekiah alimnyoshea mkono, Perez akaushika mbele ya wote, na neno likawa neno.

Sasa msidhani alikuwa anabwabwaja tu. Mjukuu wake Whitney, binti wa Owuor, anayekaa naye kwa sababu ya chuo, alikuwa amemwonyesha kampuni moja inayotafuta watu wa kunakili sauti. Watu hurekodi mahojiano na mikutano yao, nawe unavaa hedifoni, unasikiliza, unaandika. Mtihani wao ulikuwa rekodi ya dakika kumi, uimalize ndani ya dakika arobaini, na makosa yasizidi mawili katika kila maneno mia. Ukianguka unangoja wiki mbili unarudia. Ukianguka tena, kwaheri.

Perez alijaribu kwanza kwenye laptopu ya Whitney, na kidogo aitupe dirishani. Vitufe vilikuwa bapa kama vigae vya bafu. Unabonyeza, hujui kama umesikika. Herufi zilirukwa, na baada ya nusu saa viungo vya vidole vikawa vinamuuma.

"Dani, hiyo ni ya kuandikia meseji," Whitney alimwambia nyanya yake. "Wewe unataka kibodi ya swichi. Kila kitufe kina swichi yake chini, na springi yake. Sisi wa gemu hatuchezi na kitu kingine. Lakini tutafute ile swichi zake zinang'oka, ndio jioni nami niweke zangu."

Owuor aliposikia kwa simu kwamba mama yake anaenda Eastleigh kuchagua kibodi, alicheka. "Mama, kibodi ni kibodi. Mchagua jembe si mkulima."

"Methali hiyo ilitungwa na mtu aliyekuwa na jembe zuri," Perez alisema, akakata simu.

Duka lilikuwa ghorofa ya tatu, la kijana mpole aitwaye Barre. Alimtazama Perez na mkoba wake wa kanisani, akauliza kama anamnunulia mtoto.

"Nanunua yangu."

Barre hakuuliza tena. Alitoa ubao mdogo uliopachikwa swichi za rangi mbalimbali na kumwekea mbele. "Jaribu, Mama. Nyekundu inashuka moja kwa moja, haina kikwazo wala sauti. Wachezaji wanaipenda kwa sababu ni nyepesi. Kahawia ina kijinundu katikati, kidole kinakihisi, lakini hailii. Buluu ina kijinundu na inalia."

Perez alifumba macho akabonyeza buluu. Ka-chak. Mara akarudi kwenye chumba cha wapiga chapa pale reli, wasichana ishirini kwenye mistari minne, na msimamizi akipita nyuma yao bila kutazama karatasi hata moja. Yule mama alisimamia kwa masikio. Mashine ikinyamaza, alijua ni nani ameduwaa. Ikilia vibaya, alijua ni nani amekosea, na angekuita jina kabla hujaiona herufi yenyewe. Ukifunzwa hivyo ukiwa na miaka ishirini na kitu, unaamini maisha yako yote kwamba kazi isiyosikika haijafanywa.

"Hii," alisema.

"Dani, usiharakishe," Whitney alimnong'oneza. "Jaribu pia ile ya kahawia."

"Nimesema hii. Hii inajibu."

Na kusema kweli, wiki hiyo alikuwa na raha. Alinakili kurasa nzima za Biblia kwa mazoezi, nyumba ikavuma, na jirani Ndunge akagonga ukuta kuuliza kama wanakaanga bisi. Perez alimjibu kutoka dirishani kwamba anakaanga mshahara. Siku ya mtihani alivaa hedifoni akiwa hana wasiwasi wowote.

Ndani ya hedifoni alikuwa bibi mkulima akisimulia mpaka wa shamba lake, kwa sauti ndogo ya mtu aliyezoea kukatizwa. Perez akaanza kuandika, na hapo ndipo kosa lake lilipojitokeza. Pale reli alikuwa ananakili kutoka kwenye karatasi, na karatasi haizungumzi. Macho yalifanya kazi yao na masikio yalikuwa huru kusikiliza mashine. Sasa masikio ndiyo yaliyokuwa na kazi, na kila ka-chak ilikuwa inammeza yule bibi neno baada ya neno. Aliongeza sauti. Ka-chak ikapenya. Alirudisha rekodi nyuma mara tatu kutafuta jina la mto, dakika zikaisha. Matokeo yalikuja papo hapo: makosa tisa katika kila mia.

Alilia. Sitawaficha, alilia jikoni huku amefungulia bomba ili Whitney asisikie, na Whitney akasikia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna aliyemshinda. Ni masikio yake mwenyewe, yale aliyojivunia miaka yote, ndiyo yaliyomwangusha.

Owuor alipiga jioni. "Mama, umejaribu. Hakuna atakayekulaumu. Kwa nini usiache tu?"

"Bado nina wiki mbili," Perez alisema. "Lori lako lipumzike."

Kesho yake alikuwa tena kwa Barre pamoja na Whitney, kibodi kwapani. Barre alisikiliza hadithi yote, akatikisa kichwa. "Kibodi haina kosa, Mama. Tutang'oa swichi tu." Akatoa koleo dogo, akawafundisha wote wawili namna ya kung'oa na kupachika bila kupinda miguu ya shaba.

Walijaribu kwanza nyekundu za Whitney. Kumbe wapiga chapa wa zamani hulaza vidole juu ya safu ya katikati wanapofikiri, na nyekundu ni nyepesi mno. Perez alipumua tu, ukurasa ukajaa herufi ya A kama kinywa cha mtoto anayemwona daktari wa meno. Basi kahawia. Alifumba macho. Kidole kilishuka, kikakutana na kijinundu, kikapita. Hakuna sauti, ila kidole kilijua.

"Hapo kwenye kijinundu, herufi imeshaingia," Barre alimwambia. "Huna haja ya kufika chini. Wewe unapiga kama unapigilia msumari."

Ni kweli. Taipureta ya chuma ilitaka upige mpaka mwisho, la sivyo wino haufiki kwenye nakala ya tatu. Perez alikuwa amepiga hivyo miaka yote, na ndiyo maana vidole vilikuwa vinamuuma. Vidole havikuwa vimezeeka kama alivyodhani. Vilikuwa vinatumikia mashine iliyouzwa kama chuma chakavu zamani.

Wiki mbili hizo zilikuwa za vita. Whitney aliketi nyuma yake na daftari lake la chuo, na kila kitufe kilipogonga chini, tok, alisema, "Dani." Tok. "Dani." Siku ya kwanza jina hilo liliitwa mpaka Perez akatishia kumfukuza nyumbani. Siku ya pili alimwambia mjukuu wake hana adabu. Siku ya tano kulipita ukurasa mzima bila Dani hata moja, wakatazamana, wakacheka mpaka Whitney akakaa sakafuni.

Waligombana pia kuhusu vitufe vinne. Whitney alitaka nyekundu zake kwenye W, A, S na D, maana hizo ndizo zinazomtembeza mtu ndani ya gemu.

"A, S na D ni kitanda cha mkono wangu wa kushoto," Perez alimjibu. "Huwezi kumtolea mtu godoro kwa sababu wewe unataka kukimbia." Mwishowe walikubaliana: mchana kahawia tupu, jioni Whitney anang'oa nne, asubuhi anazirudisha kabla ya chai. Siku moja alisahau, na kwa adhabu Perez akainywa chai yote, hakumwachia hata kikombe.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Perez alikuwa amepanga mtihani saa tatu asubuhi. Saa tatu na robo lori likasimama langoni, na Owuor akaingia na Zedekiah nyuma yake. Hawakubisha hodi, maana mtu habishi hodi kwenye nyumba aliyokwisha kuipangisha kichwani mwake.

Perez alikuwa mezani, hedifoni masikioni, mgongo wima. Hakugeuka. Aliinua mkono wa kushoto kama askari wa trafiki, akaurudisha kwenye kibodi. Whitney akawaonyesha viti.

Ndani ya hedifoni kulikuwa na mwanamume mwenye kikohozi akieleza habari za pampu ya maji, haraka haraka, na pampu yenyewe ikinguruma nyuma yake. Perez alimsikia. Alisikia kikohozi, akasikia neno lililojificha nyuma ya kikohozi, na vidole vikaenda vyenyewe, kijinundu baada ya kijinundu, bila kumkatiza yule bwana hata mara moja.

Zedekiah alitazama saa. "Anafanya nini pale? Mbona hakuna sauti? Ameshindwa?"

"Anafanya kazi, Babu," Whitney alisema.

"Kazi gani isiyosikika?"

Owuor alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, akiona maneno yakitembea kwenye kioo, mstari unamalizika, mwingine unaanza. Tangu azaliwe alikuwa anamwona akiandika, ila hakuwahi kumtazama. Aliketi pole pole.

Dakika ya thelathini na sita Perez alivua hedifoni, akabonyeza kitufe cha mwisho, akasubiri. Kisha akageuza laptopu ili wote waone. Kosa moja katika kila mia. Chini yake, mstari wa pongezi, na chini ya huo, kazi ya kwanza, ya kumalizwa kabla ya jioni.

Zedekiah alisoma mara mbili. Alikohoa. "Hizi kazi za kompyuta, Nyar Seme, leo zipo kesho hazipo. Na moto wa nyumba ya ndugu yangu je?"

"Shemeji," Perez alisema, "wewe unaishi hatua mia moja kutoka kwa nyumba hiyo. Una miguu, una kiberiti. Miaka yote hii ulikuwa unangoja nitoke Nairobi nije nikuwashie? Tulishikana mkono mbele ya watu. Kama mkono wako hauna maana, niambie sasa ili na watu hao nao wajue."

Zedekiah alitazama mkono wake, kisha akatafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani.

Owuor alibaki mlangoni. Nje turubai la lori lilikuwa limefunuliwa tayari, na majirani wawili watatu wamesimama wakingoja kuona kochi likitoka. "Mama," alisema, "nimekodi lori kutoka Kisumu. Sasa nimwambie nini dereva?"

Perez alikuwa ameshavaa hedifoni sikio moja.

"Mwambie mama yako yuko kazini."