Uso wa Bibi Asunta

Nakumbuka siku moja niliuchukua uso wa bibi yangu, mama yake baba, nikampaka mtu mwingine ili watu wacheke. Naanza na hilo, mwanangu, kabla sijakueleza jambo lolote jema kuhusu mimi. Kesho unapanda basi la Dar kwenda kuwapamba waigizaji wa televisheni, na tangu simu ya kukuitia kazi hiyo ilipoingia hapa nyumbani watu wanakupongeza tu. Hata mimi nimekupongeza. Sasa acha kukunja nguo, kaa hapa tuzungumze.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na kibanda cha kusuka pembeni mwa soko la Nachingwea, na nilikuwa hodari, sitajifanya mnyenyekevu mbele yako. Ukitaka twende kilioni, ile mistari inayolala kurudi kisogoni, nilikumaliza kabla chai haijapoa. Ukitaka rasta za kufika kiunoni, ulishinda kwangu kutwa nzima, ukaondoka huwezi kufumba macho kwa jinsi nilivyokaza. Mabibi harusi wa msikitini na wa kanisani wote nilikuwa nawapaka poda na wanja mimi.

Nilikuwa naishi na Bibi Asunta. Alivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, akaja kulima huku na hakurudi tena. Uso wake ulikuwa na chale za Kimakonde, mistari iliyokwenda ikikunjana kwenye mashavu na mingine juu ya paji la uso. Mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, kile kipande cha mti walichokuwa wakivaa wanawake wa kwao. Ndonya yenyewe alishaacha kuivaa, tundu likabaki. Kila asubuhi kabla sijaenda kibandani nilimpaka uso mafuta ya nyonyo. Yeye alifumba macho na kunitania, akiniita mke mwenzangu, kama mabibi wa huku wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Vidole vyangu viliijua ile mistari yote bila kuitazama.

Basi likaja kundi la maigizo kutoka Dar. Dairekta wao aliitwa Bwana Sefu, mtu wa maneno mengi na miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Mpambaji wao alikuwa ameugua wakamwacha njiani, wakaulizia msusi mjini, wakaletwa kwangu. Bwana Sefu akanieleza anachotaka. Katika mchezo wao wa video kulikuwa na mfanyakazi wa ndani, mshamba aliyetoka kusini, na mwigizaji wake alikuwa Dida, msichana wa Dar mwenye uso mzuri kweli.

"Nataka akitokea tu, watu wavunjike mbavu," aliniambia. "Mweke zile chale za Wamakonde. Na ule mdomo. Unaweza?"

Mwanangu, niliweza. Nilipika unga wa muhogo ukawa gundi, nikachanganya na masizi, nikamchora Dida mstari kwa mstari na kuinua kila mstari juu ya ngozi ili kamera iuone. Ndonya nilichonga kwa kizibo, nikaibandika. Sikuhitaji picha ya kuigia. Nilipomaliza Bwana Sefu alipiga makofi, Dida akajitazama kwenye kioo akacheka mpaka machozi, nami nikacheka naye. Ndugu yangu yeyote angekuwa pale angeniuliza unafanya nini. Hakuwepo ndugu, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

Miezi ikapita, kanda ikafika Nachingwea. Siku ya Jumamosi mchana, banda la video likajaa. Nikamwambia bibi, "Twende ukaone kazi ya mikono yangu." Alivaa kitenge chake cha kanisani, akafunga kilemba, tukakaa benchi la kati. Jenereta likanguruma nje, picha ikaja, Dida akatokea mlangoni amebeba ndoo, macho kayapindua, mdomo kaubenua. Banda zima likalipuka kwa kicheko. Kila alipotokea walicheka, na mimi nilikuwa nikisubiri wacheke ili nimgonge bibi begani. Halafu muuza nyanya mmoja aliyekaa mbele yetu akageuka nyuma, akamwona bibi, akanyoosha kidole.

"Jamani, kumbe mwenyewe tunaye humu humu!"

Vichwa vyote vikageuka. Wakamcheka bibi yangu usoni pake, mtu anayewapita wote umri. Hakuinuka. Alikaa amenyooka mpaka kanda ikaisha, mikono juu ya mapaja, akitazama mbele. Tulirudi nyumbani, na mimi nilitamani anipige.

Asubuhi nikachukua chupa ya mafuta nikakaa mbele yake. Akaushika mkono wangu akaurudisha kwenye paja langu.

"Veronika," alisema. Hakusema mke mwenzangu. "Unajua hii mistari nilichanjwa nikiwa na umri gani?"

"Sijui, Bibi."

"Nilikuwa mwali. Walinilaza chini, dada zake mama wakanishika miguu. Fundi anachana kwa kisu, anasugua mkaa wa nyonyo kwenye damu. Ukilia, kijiji chote kinajua umelia. Mimi sikulia. Mama yangu alicheza ngoma siku ile kwa sababu mimi sikulia." Akanitazama machoni. "Jana wale walicheka. Wewe ulicheka?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia, "Nilicheka, Bibi."

"Basi mafuta nitajipaka mwenyewe. Wewe usiniguse uso mpaka mikono yako ijue imeshika nini."

Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu, karibu mwaka mzima. Nilimpikia ugali akala, nilimfulia akavaa, tuliongea habari za mvua na za korosho kama kawaida. Ila asubuhi alikaa kwenye kigoda chake, akajipaka mwenyewe kwa mkono unaotetemeka, mafuta yakimwingia machoni, na mimi nasimama mlangoni natazama. Alikuwa akiniita Veronika tu. Hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyoniuma kama hiyo, na nilichapwa sana shuleni.

Mwaka uliofuata Bwana Sefu akarudi. Safari hii alikuwa na filamu kubwa, ya wanawake waliovuka Ruvuma kukimbia vita, na wangepigia picha Chinongwe, kule Ruangwa. Akanitafuta mwenyewe. Akaniambia nikiifanya vizuri ananichukua Dar moja kwa moja, niwe mpambaji wa kundi, nilale kwenye nyumba yao, nisafiri nao. Nilikuwa nimechoka na vumbi la soko, na ninakiri niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote.

Nikamwendea bibi kumuuliza habari za nywele. Nilidhani atakataa kusema. Lakini ya nywele alinijibu, tena kwa kirefu, huku akipepeta mtama.

"Rasta hatukuwa nazo, usije ukawasuka marasta yenu," alisema. "Tulinyoa. Hapa mbele mstari unanyooshwa kwa wembe, au kwa kipande cha chupa kama wembe hakuna. Mtu mwenye nywele nyingi alikuwa mgonjwa, au hana ndugu wa kumnyoa. Na aliyefiwa ananyoa zote."

Nikaenda Chinongwe na maneno hayo kichwani. Dida alikuja na rasta za mgongoni, zile nyembamba za bei mbaya, na yeye ndiye alikuwa anamwigiza mama wa kwenye filamu. Nikamwambia zinafumuliwa na nywele zinapunguzwa. Alilia, alinitukana, akaenda kumshtakia dairekta, akarudi. Nilimfumua asubuhi nzima barazani kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha nikamnyoosha paji kwa wembe. Nilipompa kioo alijitazama muda mrefu.

"Dada Vero," alisema, "nimefanana na mama yangu."

Nikampaka uso. Safari hii sikuharakisha. Kila mstari niliuweka pale unapokaa, kwa upana wake. Wanawake wa pale kijijini walioitwa kuigiza wakimbizi walikuja kusimama nyuma yangu, na wawili kati yao walikuwa na chale zao wenyewe. Mmoja akasema taratibu, "Huyu kamfanya vizuri." Dida naye alikaa wima bila kuambiwa.

Bwana Sefu akaja, akavua miwani, akatazama.

"Safi. Sasa ongeza. Mdomo uwe mkubwa, chale zizidi, mpaka puani. Dida, akianza kulia pale mtoni pindua macho kama ile ya mwaka jana. Lazima watu wacheke kidogo, la sivyo kanda hainunuliwi."

"Pale anamlilia mtoto wake aliyekufa," nikamwambia.

"Ndiyo. Hapo ndipo watakapocheka zaidi."

Nikamwambia, "Siongezi."

"Nini?"

"Siongezi, Bwana Sefu. Ukitaka uso huu, mpige picha ulivyo, alie kama mama anavyolia. Kama unataka kichekesho, kichekesho hakitoki kwenye mikono yangu."

Alicheka kwanza, akidhani natafuta nyongeza. Alipoona sicheki akaanza kufoka. Mimi ni msusi wa sokoni, yeye ndiye aliyeniokota. Wapambaji wako tele Dar, wanaomba kazi wakipiga magoti. Nikikataa leo, nisahau habari ya Dar mpaka naingia kaburini. Yote hayo aliyasema mbele ya kundi zima na nusu ya kijiji, na mimi nilikuwa nimeshika brashi, magoti yananitetemeka, usifikiri nilikuwa simba.

Nikaomba maji na sabuni. Nikamwambia Dida, "Samahani, mdogo wangu," nikamwosha uso wote. Mstari mmoja mmoja ulihamia kwenye kitambaa. Uso niliouchora kwa saa tatu niliufuta mbele ya macho yao, kwa sababu nilijua nikiuacha angemwita mtu yeyote mwenye kipande cha mkaa auharibu. Kisha nikafunga sanduku langu la vipodozi, nikalibeba kichwani, nikaondoka. Hakuna aliyenisindikiza ila yule mama aliyesema nimefanya vizuri. Alinifuata mpaka barabarani, akanifungia mihogo miwili ya kuchoma kwenye karatasi, akarudi.

Nilipata lori la ufuta mpaka Ruangwa mjini, na kesho yake basi la Nachingwea. Njia nzima nilijiita mjinga. Nilifika mchana. Bibi alikuwa uani.

"Mbona umewahi?" akauliza.

Nikatua sanduku, nikamweleza, pamoja na ya kufokewa na ya magoti kutetemeka na ya Dar niliyoipoteza. Nilimweleza kila kitu, nikalia, maana kazi ile niliitaka kweli. Hakunibembeleza. Aliingia ndani, akakaa huko mpaka nikadhani amekwenda kulala. Akatoka na chupa ya mafuta ya nyonyo, akaketi kwenye kigoda, akafungua kilemba na kufumba macho.

"Njoo, mke mwenzangu," alisema. "Jua kali leo, ngozi imekauka."

Filamu ile ilitoka, mwanangu. Katika kanda hiyo mama wa Kimakonde anavuka Ruvuma na uso laini, hana hata mkwaruzo. Mtu anayejua akiitazama atasema mpambaji hakujua kazi yake. Aseme. Mpambaji alijua. Bwana Sefu hakuniita tena, na wengine niliowapigia simu walikuwa wameshaambiwa mimi ni mkorofi. Nimebaki msusi wa sokoni mpaka vidole vikapinda, na wapo watu hapa mtaani wanaonihurumia hadi leo. Wasinihurumie. Bibi Asunta nilimpaka mafuta kila asubuhi kwa miaka sita iliyobaki, na siku alipofariki nilimpaka mara ya mwisho, na hakuna mwanamke mwingine aliyeruhusiwa.

Mimi sina chale. Kwetu ziliishia kwake, na sikuombi uzirudishe. Ninachokuomba ni hiki. Huko unakokwenda watakuletea uso wa kuchora: wa mzee, wa kichaa, wa maskini, wa mtu wa kabila fulani, wa mtu wa zamani ambaye hayupo kujisemea. Kabla hujachovya brashi, uliza uso huo ni wa nani. Nenda ukamtafute mwenyewe au mjukuu wake, umuulize nywele alizichana vipi na kwa nini. Mkiwa mnacheka, cheka, kazi hii ina raha yake. Lakini ukiona kicheko kimetengenezwa kwa ajili ya kumdhalilisha mtu, kataa, hata kama aliyekuagiza ndiye anayekulisha. Kataa kwa sauti wakusikie. Utatetemeka, tetemeka huku unakataa. Na uso ulioufanya kwa heshima usiwaachie wauchezee. Ufute, beba sanduku lako, uje nyumbani. Mlango huu hautakuuliza kwa nini umerudi mikono mitupu.

Sasa chukua hili sanduku, ndilo lile lile, nimebadilisha kitasa tu. Mungu akutangulie njiani na akufikishe salama. Akupe kazi, akupe jina, na akikunyima jina akuachie kichwa chako juu. Na siku zote mikono yako ikubaliwe kwenye uso wa waliokulea.