Dawa Iliyorudishwa Kabla ya Jibu

Pale kliniki hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Bandeji, muuguzi wa chumba cha vidonda, kile cha mwisho kwenye korido, ambacho wenzake walikipita wameziba pua. Yeye hakuziba. Aliosha mguu wa mgonjwa wa kisukari huku akisimulia vituko vya mumewe na jiko la gesi, na mgonjwa akacheka hadi akasahau kulia. Watu walisema ana mkono mwepesi na ulimi wa asali.

Ulimi huo ndio uliomponza.

Alikuja daktari mmoja wa utafiti na marhamu mpya ya vidonda vya kisukari. Wagonjwa wakaitwa wakae kwenye mabenchi, wakaelezwa: nusu yao watapewa marhamu yenye dawa, nusu watapewa mafuta matupu yanayofanana nayo, na hakuna atakayejua yake ni ipi, si mgonjwa wala muuguzi, mpaka utafiti uishe baada ya miaka miwili. Watu wakaguna.

"Kwani sisi ni panya?" akauliza mmoja.

Daktari akajibu kwa lugha ya vitabuni, na watu wakazidi kutazama mlango. Hapo Mama Bandeji akasimama. Hakutumwa na mtu.

"Jamani, mnanijua," akasema. "Vidonda vyenu nimevishika kwa mikono hii. Dawa tulizo nazo zinatuchezea shere, na nzuri zaidi haitapatikana mpaka watu wakubali kuijaribu. Twendeni nayo mpaka mwisho. Jibu likitoka, ninyi mtakuwa wa kwanza kulijua. Nawaambia mimi."

Fundi viatu, mzee mwenye kibanda nje ya geti kuu la kliniki, ndiye aliyenyanyuka kwanza kutia saini. "Daktari simjui," akasema. "Nakujua wewe." Baada yake akafuata shangazi yake Mama Bandeji, dada wa baba yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Wengine wakafuata kama kondoo wamefunguliwa zizi.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Kidonda cha shangazi kilianza kunywea. Ukimtembelea, chai haijapoa ameshafunua mguu akuonyeshe, kama wenzake wanavyoonyesha picha za wajukuu. "Yangu ni yenyewe," alijigamba. "Hii si mafuta." Kidonda cha fundi viatu kilibaki vilevile, lakini hakukosa kuja. "Mimi nadhani walinipa ya kukaangia mayai," alisema, na chumba kizima kikacheka.

Asubuhi moja daktari akawaita wafanyakazi wa utafiti ofisini kwake. Hakukaa. Aliwaambia kwamba majaribio yamesimamishwa.

"Imeumiza watu?" akauliza Mama Bandeji.

"Hapana."

"Basi haifanyi kazi?"

"Hatujui. Kampuni iliyokuwa ikitugharimia imenunuliwa na nyingine, na wenye kampuni mpya hawaitaki dawa hii. Wana mambo mengine. Hatujafika mbali vya kutosha kujua lolote."

"Kwa hiyo jibu tutalipata lini?"

Daktari akatazama dirisha. "Hatutalipata, dada. Wapigie simu watu wako. Na tyubu zote za marhamu zirudishwe."

Mama Bandeji akakaa na simu kwenye chumba cha vidonda, mlango ameufunga. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Hakutukanwa. Mmoja akasema haya, poa. Mwingine akasema asante kwa kutujali, Mama Bandeji, na huyo ndiye aliyemchoma zaidi, kwa sababu alikuwa akimshukuru kwa kumwacha njiani. Fundi viatu hakuwa na simu. Ilibidi aambiwe uso kwa uso, tena ni hatua chache tu kutoka getini.

Mama Bandeji akaanza kuingia kazini kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea taka. Akajiambia ni kwa sababu ya jua. Mumewe alipomuuliza mbona viatu vyake vinanuka pipa, akamjibu kwa ukali mpaka mume akainamia sahani yake.

Haikupita wiki, fundi viatu akaingia chumba cha vidonda mwenyewe, anachechemea. Akaweka mezani tyubu yake, ameifuta safi na kuifungia kwenye kipande cha ngozi.

"Nimesikia mnakusanya," akasema.

"Fundi, nilikuwa nakuja kukuambia…"

"Ulikuwa unakuja kwa njia ipi? Kule kwa mapipa?" Hakupaza sauti. "Dawa zinakwisha, dada. Hilo nalielewa, hata ngozi hukatika katikati ya kiatu. Lakini mimi naona miguu ya watu kutwa nzima. Yako niliikosa, nikajua kuna jambo, na kwamba umenikimbia."

Mama Bandeji akafungua mdomo, na ule ulimi wa asali ukamkaukia. Akafanya kitu pekee alichokijua: akapiga magoti, akamvua kiatu, akaanza kuosha kidonda. Fundi akamwacha aoshe na kufunga bandeji.

Kwa shangazi ilikuwa mbaya zaidi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kama umekuja kunisalimia, karibu. Kama umekuja kuchukua dawa yangu, imekwisha."

"Haijakwisha, shangazi. Nilikupa mpya juzi."

"Nimeimwaga. Kwani wao si wameikataa? Kitu mtu amekitupa, mwenzake akikiokota kosa liko wapi?"

Mama Bandeji akaeleza: ni sheria, dawa ambayo haijajulikana haiachwi mikononi mwa watu bila mtu wa kuifuatilia, ikimdhuru mtu, nani atajibu? Yote yalikuwa kweli, na yote yalisikika kama kelele za debe tupu. Shangazi akakunja mikono. Basi yule mpwa, aliyekulia ndani ya nyumba ile, akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa chumbani, kwenye mkoba mweusi wa zamani ambamo shangazi huficha kila asichotaka kionekane. Tyubu ilikuwamo. Akaitia mfukoni.

Alipogeuka, shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Nilikulea mpaka ukajua ninapoficha vitu vyangu," akasema taratibu. "Sikujua nalea mpekuzi."

Kesho yake kliniki Mama Bandeji akaona tyubu zote zimerundikwa kwenye sanduku la kuchomea taka, ya shangazi iko juu, kifuniko kimekazwa vizuri na mkono wa mtu aliyekuwa anaibania. Akatoka pale akaingia ofisini kwa daktari bila kubisha hodi.

"Njoo uwaambie wewe," akasema.

"Si umeshawapigia?"

"Nimewapigia kwa sauti yangu jambo ambalo si langu. Waliingia kwa kunitazama usoni. Watoke kwa kukutazama wewe pia. Nitasimama hapohapo."

Daktari akasitasita, kisha akakubali. Siku ya kliniki akasimama mbele ya mabenchi, jasho likimtoka kwenye kola, akaeleza kila kitu mpaka habari ya kampuni kununuliwa. Shangazi, aliyekuja na mkongojo wake na hakuwa amemsalimia mpwa wake, akanyoosha mkono.

"Mlipotuomba miguu yetu, mlijua kwamba mnaweza kuchoka njiani?"

"Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, mama."

"Sikuuliza kilichoandikwa. Mlitwambia?"

Daktari akainamisha kichwa. "Hatukuwaambia ipasavyo. Nisameheni."

Mama Bandeji akasema, "Hata mimi. Niliahidi jibu ambalo halikuwa langu." Sauti ilimtoka ndogo, na hakuna aliyemsaidia kwa kucheka.

Kidonda cha shangazi kilifumuka tena baada ya miezi kadhaa, na akakatwa kidole kimoja cha mguu. Cha fundi viatu kilifunga chenyewe kwa maji, chumvi na bandeji za kawaida. Kama ni marhamu, kama ni mafuta, kama ni bahati, hajui mtu. Shangazi alirudi kuongea na mpwa wake siku ile ya kukatwa kidole, kwa sababu alihitaji mkono wa kushika, na mkono ule haukuachiwa mpaka alipotolewa chumba cha upasuaji.

Mwaka uliofuata ukaja utafiti mwingine. Daktari yuleyule akamwomba Mama Bandeji azungumze na watu. Akauliza kwanza: "Ukikatishwa, nani atakuja kuwaambia?" Daktari akasema ni yeye mwenyewe, tena na sababu, na akalisema hilo mbele ya mabenchi kabla ya jambo lingine lolote.

Watu wakamgeukia Mama Bandeji. "Wewe unasemaje?"

"Sikilizeni, ulizeni, mwamue," akajibu. "Mkiingia au msipoingia, vidonda vyenu nitavifunga."

Wengine wakaingia. Wengine wakaondoka. Fundi viatu, ambaye kidonda kipya kilikuwa kimeanza kwenye mguu wa pili, akafikiri, akatikisa kichwa, akarudi kibandani kwake. Mama Bandeji akamsindikiza kwa macho, akashusha pumzi kwamba huyu hatamdai jibu, kisha akaona haya kwa kuishusha.